Sufuria Iliyolala

Asubuhi ile mke wangu alipasha kiporo. Yalikuwa maharage ya jana yake, na wali kidogo pembeni. Alinyunyizia maji, akafunika, akaligombeza jiko la mafuta kwa sababu utambi ulikuwa unatoa moshi. Mimi nilikuwa kizingitini nashona kiatu cha bwana harusi, mwenyewe anakitaka kabla ya mchana.

Tulikula sahani moja. Alinisukumia ukoko upande wangu, akijua fika kwamba meno yangu ya upande huo yameshaondoka. Akangoja nihangaike nao, kisha akauvuta akautafuna yeye. Huo ulikuwa utani wake.

"Ukimaliza hicho kiatu uje unisaidie kubeba maji," alisema.

"Bwana harusi ana miguu miwili. Bado kingine."

"Basi anza na cha mguu atakaotorokea."

Akajitwisha sufuria yake kubwa, akachukua ndoo ya sahani, akaenda. Sikumtazama akienda. Nilikuwa natafuta sindano.

Mchana alikaa kwenye benchi lake la kazini, akaomba maji ya kunywa, akaegemea ukuta. Mafundi wa gereji walipokuja kuniita ilikuwa imekwisha. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuumia. Namshukuru kwa neno hilo, hata kama huwaambia wote.

Ya siku ile siyaongezi. Ninachotaka kueleza ni kiporo. Maana mtu aliyemjua mke wangu miaka ya nyuma, akisikia kwamba asubuhi yake ya mwisho alipasha kiporo, akakila, tena akitania, atasema mzee amechanganyikiwa na msiba.

Kazi yake ilikuwa kupika na kuuza chakula nje ya geti la gereji. Mafundi walimwita Mama Mvuke, kwa sababu kila akifunua sufuria, mvuke ulimpanda usoni akawa haonekani. Chakula chake kilikuwa cha siku ile ile. Anaamka anapika, mchana anauza, jioni kilichobaki anamgawia mlinzi wa gereji na majirani. Sufuria inasuguliwa kwa majivu, inalazwa kifudifudi. Hakuna chakula kilicholala nyumbani kwetu. Hata kipande cha mkate kikibaki, alizunguka nacho nje jioni akitafuta kuku wa kumpa.

Mafundi walilijua hilo, wakawa wanamchokoza.

"Mama Mvuke, haya maharage leo mbona yana usingizi?"

"Mwenye usingizi ni wewe, ndiyo maana gari la mteja limekaa juu ya mawe tangu mwezi jana."

"Nauliza tu, mama. Yamepiga mswaki?"

"Lete sahani yangu. Nenda ukale kwa mama mkwe wako."

Walicheka, na hakuna aliyerudisha sahani.

Sababu yake alinieleza mara moja tu, tukiwa wachanga katika ndoa, siku niliyorudi na kiporo kutoka kwa dada yangu. Alipokuwa mdogo alipelekwa kulea mtoto katika nyumba ya watu. Wenyewe walikula jioni mezani. Yeye alipewa asubuhi, kilichobaki, kwenye kifuniko cha sufuria. Sahani zilikuwemo kabatini.

"Shibe nilikuwa naipata," aliniambia. "Lakini kwenye kifuniko."

Sikuuliza tena. Kiporo cha dada kilienda kwa mbwa wa jirani.

Basi mwanetu alipooa akahamia kwake, chumba chake tukakipangisha. Mpangaji alikuwa binti mwanafunzi wa chuo, ametoka nchi nyingine. Alikuja na begi moja na blanketi zito kuliko begi. Lugha yetu aliijua ya vitabuni. Kila akitaka kupita alisema, "Naomba ruhusa nipite," hata kama mlango uko wazi na hakuna mtu. Tukamwita Ruhusa. Yeye akatuita Mama na Baba.

Pale chuoni wapo wanafunzi wa nchi nyingi. Mara moja kwa mwaka, siku ya Jumamosi, wanakusanyika ukumbini, kila mmoja na chakula cha nyumbani kwao, wanakula wote. Mwaka wa kwanza Ruhusa alipeleka soda. Alitusimulia huku ameinama. Wenzake walisimama kila mmoja nyuma ya chungu chake, wanaeleza hiki alikipika nani na kwao kinaliwa vipi. Yeye alisimama nyuma ya soda. Mmoja akamuuliza, kwa utani tu, kama kwao watu hawali.

Sasa mwaka ulikuwa umezunguka.

"Nina jambo, Mama. Naomba ruhusa."

"Sema, mwanangu. Ruhusa unayo tangu umefika."

Alitaka kupeleka maharage ya bibi yake. Bibi ndiye aliyemlea, na alifariki Ruhusa akiwa shule ya mbali. Kupika hakumfundisha. Shangazi yake alikuwa amemtajia kwenye simu vinavyoingia: maharage mekundu, boga, kitunguu, nyanya, mafuta, chumvi.

"Ni hivyo tu?" mke wangu akauliza.

"Ni hivyo tu, Mama."

Mke wangu akacheka. Chakula kama hicho angeweza kukipika amefumba macho.

Wakapika Jumapili. Ruhusa akaonja. "Kitamu sana, Mama."

"Sikuulizi utamu. Ndicho?"

"Sicho, Mama."

Wakapika tena. Kitunguu kikaunguzwa. Sicho. Boga likatiwa mwanzo, siku nyingine likatiwa mwisho. Sicho. Likatafutwa boga lingine, la ngozi ngumu, mimi nikalipasua kwa kisu changu cha ngozi mpaka kikapinda. Kitamu sana, Mama. Na kila jioni mlinzi wa gereji alipokea bakuli la maharage na boga. Mwishowe akaniita pembeni akaniuliza kama nyumbani kuna tatizo.

Mke wangu alianza kunyamaza. Alikuwa amepika maisha yake yote, na sasa bibi wa watu, marehemu, asiyewahi hata kumwona, alikuwa anamshinda. Nilimsikia akiiuliza sufuria, "Wewe bibi, uliweka nini humu?" Siku zilikuwa zinakwisha. Ruhusa akaanza kusema kwamba soda nayo si mbaya, watu huwa na kiu. Mke wangu akamwambia akiitaja soda tena atalala bandani na kuku.

Wiki ile ile ya sherehe, Jumatano, wakapika. Jioni ikaja mvua ya upepo. Jikoni kwetu bati lina tundu, tukahangaika na mabeseni. Mlinzi hakuja, majirani walijifungia. Tukalala tumechoka.

Asubuhi sufuria ilikuwa pale pale juu ya jiko, imejaa. Mke wangu aliitazama kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni bila kumfungulia mlango. Akaishika masikio aipeleke kwa bata wa jirani.

Ruhusa akatoka chumbani mbio, amechelewa darasa.

"Naomba ruhusa, Mama. Nile hicho."

"Hiki kimelala."

"Nina njaa."

"Nakukaangia yai."

"Nimechelewa, Mama."

Nikasema kutoka kizingitini, "Mpe mtoto. Ataanguka huko darasani, waseme tunamtesa."

Akapasha, amenuna. Kilikuwa kimeshikana, akatia maji, akakoroga, kikashika chini hata hivyo. Kisha akafungua kabati, akatoa sahani ya wageni, ile yenye ua, akamtilia humo. Nililiona hilo.

Ruhusa alikula kijiko cha kwanza amesimama. Cha pili akakaa. Begi likamteleza begani. Machozi yakaanza kumtoka, na mke wangu akamshika mkono.

"Tema. Nimekwambia kimelala. Tema."

Hakutema. Alimeza.

"Ndicho," alisema.

Akatueleza vipande vipande, huku akila. Maharage huchelewa kuiva. Bibi yake alirudi kutoka sokoni jioni ndipo akabandika sufuria, na mtoto akasinzia kabla hayajaiva. Ilikuwa hivyo karibu kila siku. Akawa anakula asubuhi, kabla ya shule.

"Mimi nilidhani bibi anaamka alfajiri kunipikia," alisema. "Sikujua kwamba ni cha jana."

Mke wangu akakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo alikuwa anakupa kilichobaki."

"Hapana, Mama. Changu alikitoa kwanza. Alikiweka kwenye bakuli la bluu, akafunika, ndipo akawapa wakubwa. Mjomba wangu mpaka leo analalamika kwamba alikuwa anapewa kidogo kwa ajili yangu."

Mke wangu aligeukia sufuria akaanza kukwangua ukoko, polepole, na alipomaliza akaendelea kukwangua. Siku ile alichelewa kazini, na mafundi waliniambia baadaye kwamba walimchokoza hakumjibu mtu.

Sasa shida ikawa ya namna nyingine. Chakula kimepatikana, lakini ili kiwe chenyewe lazima kipikwe Ijumaa, kilale, Jumamosi kiende mbele za watu. Na anayekipika ni Mama Mvuke.

Alijaribu kukwepa.

"Tukikipika alfajiri, tukakiacha kipoe, kisha tukakipasha, si ni yale yale?"

"Tujaribu, Mama."

Ijumaa alfajiri wakajaribu. Ruhusa akaonja.

"Kitamu sana, Mama."

Hapo tulikuwa tumeshajua maana yake.

"Watoto wa watu wametoka mbali," mke wangu aliniambia. "Akiumwa tumbo mmoja tu, jina langu limekwisha. Wale mafundi watanisema mpaka nizikwe."

"Mwambie hapana, basi."

"Nimwambie hapana vipi, fundi, na ameshakipata?"

Alizoea kuniita fundi, kama wateja.

Ijumaa jioni wakapika. Kilipoiva aliitia sufuria ndani ya beseni la maji baridi, akayabadilisha maji, akayabadilisha tena. Akafunika kwa sinia, na juu ya sinia akaweka chuma changu cha kugongea visigino. Mdudu gani angeinua chuma kile sijui.

"Usicheke," akaniambia.

Sikucheka.

Jumamosi asubuhi alikichemsha mpaka kikarusha mapovu, akakipunguzia moto, akakichemsha tena. Kisha akaapa kwamba haendi. "Nikasimame nitazame watu wanakula kiporo changu?" Mimi nikaifunga sufuria nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi, tukaanza kuisukuma, Ruhusa ameishikilia kwa nyuma. Tulipofika kona nikasikia viatu ninavyovijua, maana soli nilizitia mwenyewe. Amevaa gauni lake la kutokea.

"Nimekuja kukamatwa," alisema. "Bora wanikute nimevaa."

Ukumbini walikuwa wameunganisha meza na kuzitandika shuka za bweni, mhuri wa bweni bado unaonekana kwenye pindo. Vyakula vilikuwa vingi kuliko macho yangu. Kulikuwa na samaki mzima na kichwa chake, wali uliofungwa ndani ya majani, na kitu cheupe kilichotetemeka kila mtu akipita karibu. Mbele ya kila chakula palikuwa na karatasi iliyokunjwa, jina limeandikwa. Ruhusa akaandika ya kwake. Mke wangu, ambaye kama mimi hakujua kusoma, akauliza imesemaje.

"Inasema, maharage ya bibi."

"Umeandika kwamba yamelala?"

"Hapana, Mama."

"Andika."

"Si lazima, Mama. Hakuna anayeuliza."

"Sijawahi kumpakulia mtu kitu asichokijua. Andika yamepikwa jana. Asiyetaka apite."

Ruhusa alimtazama, akanitazama na mimi. Huyu ndiye aliyesimama nyuma ya soda mwaka uliopita. Sasa alikuwa anaambiwa asimame nyuma ya kiporo, na karatasi ya kukitangaza. Akaandika. Herufi zilikuwa ndogo.

Wa kwanza kufika alikuwa kijana mrefu mwenye miwani. Akainama, akasoma, akacheka. Akawaita wenzake kwa lugha wanayoelewana wote pale. Wakaja, wakasoma, wakacheka wote. Niliona mabega ya mke wangu yakipanda. Akaishika sufuria masikio.

"Fundi, twende."

"Subiri, Mama," Ruhusa akasema, na nilipomtazama naye alikuwa anacheka. "Wanasema kumbe yupo mkweli mmoja."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bweni lao lina jiko moja la kupikia, na wanafunzi ni wengi. Hawawezi wote kupika Jumamosi asubuhi. Walipeana zamu, wakaanza kupika tangu Alhamisi. Meza nzima ile, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ilikuwa imelala. Kijana mrefu akachukua kalamu ya Ruhusa, akaenda kwenye chakula chake, akaongeza kwenye karatasi: kimepikwa juzi.

Mke wangu akaachia sufuria. Akachukua kijiko, akaanza kuizunguka meza, anaonja kimoja kimoja kama mkaguzi.

"Kiporo," alisema. Akasogea. "Kiporo. Hiki nacho. Huyu samaki amelala mpaka ameota ndoto."

Ruhusa alimfuata nyuma akitafsiri, na watu wakashika mbavu. Mke wangu kwa kawaida akicheka mbele za watu huziba mdomo kwa kiganja. Siku ile kijiko kilikuwa mkono mmoja na sahani mkono mwingine, akacheka hivyo hivyo.

Aliporudi kwenye sufuria yake alikuta foleni. Binti mmoja mfupi alikuja mara ya pili na sahani tupu, akaeleza kwamba kwao maharage ya jana hufichwa kabatini ili baba asiyaone. Mke wangu akamwongezea bila kupima. Ruhusa alikuwa amesimama nyuma ya sufuria, mgongo umenyooka, anamweleza kila anayekuja habari ya bibi, na ya bakuli la bluu, na ya mjomba mwenye malalamiko. Nilisikia habari ile ikirudiwa mpaka nikaijua kwa lugha nisiyoijua. Mwishowe wakakwangua ukoko.

Hakuna aliyeumwa. Nalisema hapa wazi kwa sababu mke wangu alimuuliza Ruhusa Jumapili, akamuuliza Jumatatu, na Jumanne akamuuliza kama hata yule wa samaki ni mzima. Alikuwa mzima. Alikuwa anauliza lini tutapika tena.

Kwenye geti la gereji hakubadilika. Mafundi walikula cha moto mpaka siku ile ya mwisho. Ni nyumbani tu ndipo mambo yaligeuka. Jioni alitoa kwanza changu na chake cha asubuhi, akafunika, akaweka chuma changu juu. Nilipokitaka kufanyia kazi nilimwomba.

Ruhusa bado yuko nasi. Nasema nasi kwa mazoea. Anaondoka kwenda chuo kabla sijaamka vizuri, na nikiingia jikoni nakuta changu kimefunikwa, kwenye sahani ya wageni. Nakipasha mwenyewe. Utambi bado unatoa moshi, naugombeza kidogo kwa niaba yake.

Nina majonzi, siwezi kusema sina. Lakini lipo jambo moja ambalo halinisumbui, nalo likinijia napumua. Kile kifuniko cha sufuria alichokibeba tangu utotoni, alikitua. Nilikuwepo alipokitua. Ilikuwa njiani tunarudi kutoka ukumbini, jua bado liko juu, sufuria tupu inagongagonga nyuma ya baiskeli, na Ruhusa amebaki na wenzake. Mke wangu alikuwa anatembea mbele yangu, viatu amevivua amevishika mkononi. Akasimama mpaka nikamfikia, akaitazama ile sufuria, akasema:

"Leo tupike kingi, fundi. Kilale."